Reinhard Fabisch: Mkufunzi Aliyeishia Mlangoni

Wapenzi wa kabumbu wa Gilgil, Nakuru na kwingineko nchini Kenya ambao umri wao unawaruhusu kuukumbuka mwaka wa 1987 hawahitaji kuelezwa Reinhard Fabisch alikuwa nani. Mjerumani huyo, mzaliwa wa mji wa Schwerte mnamo 1950, ndiye aliyeinoa Harambee Stars wakati Kenya ilipoandaa Michezo ya Afrika. Uwanja wa Kasarani ulikuwa mpya na taifa zima liliingoja dhahabu. Mwezi wa Agosti vijana wake walifika fainali, wakashindwa na Misri bao moja kwa bila. Wapo wanaoikumbuka fedha ile kwa majonzi tu. Huo ni uonevu, kwani timu ya taifa ya wanaume haijafika tena fainali ya mashindano ya bara zima.

Misri hiyohiyo ilimngoja kwingine. Miaka ya tisini Fabisch alikuwa Zimbabwe, akifundisha kikosi cha akina Bruce Grobbelaar na Peter Ndlovu, ambacho mashabiki walikiita Timu ya Ndoto. Mnamo Februari 1993 kikosi hicho kilikwenda Cairo kikihitaji sare tu ili kisonge mbele katika safari ya Kombe la Dunia la 1994 nchini Marekani. Zimbabwe ilitangulia kufunga, Misri ikajibu kwa mabao mawili. Lakini mawe yalikuwa yakirushwa kutoka jukwaani, na moja lilimpata mkufunzi mwenyewe kichwani. FIFA iliyafuta matokeo na kuamuru mechi irudiwe Lyon, Ufaransa, mbali na mashabiki wa pande zote mbili. Huko Zimbabwe ilikaza, ikatoka sare ya bila kwa bila, na Misri ikaaga.

Ikabaki hatua moja. Mnamo Oktoba 1993, jijini Yaoundé, Kamerun ilishinda 3-1 na kwenda Marekani. Kwa mara nyingine Fabisch aliishia mlangoni.

Kenya ilimwita tena zaidi ya mara moja, bila kuipata tena furaha ya 1987. Hatimaye alikabidhiwa Benin, akaipeleka Ghana kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2008. Timu hiyo changa ilipoteza mechi zote tatu, dhidi ya Mali, Côte d'Ivoire na Nigeria. Hata hivyo, ni katika mashindano hayo ndipo Fabisch alipofanya jambo ambalo wakufunzi wengi wangelinyamazia: alitangaza hadharani kwamba alikuwa amefuatwa na mtu aliyetaka kumpa fedha ili mechi ipangwe, naye akamfukuza. Kwa mkufunzi ambaye timu yake ingefungwa hata bila hila, fedha hizo zingekuwa rahisi mno kupokea.

Alifariki dunia Julai mwaka huohuo, kabla hajatimiza miaka 58.