Siti binti Saad: Mfinyanzi Aliyeipa Taarabu Kiswahili

Wahenga walinena kuwa mfinyanzi hulia gaeni. Siti binti Saad alizaliwa katika nyumba ya wafinyanzi, kijijini Fumba, kisiwani Unguja, takriban mwaka 1880. Asili ya wazazi wake ilikuwa bara, baba akiwa Mnyamwezi na mama Mzigua, na ukoo wao ulikuwa umeonja utumwa. Mtoto huyo aliitwa Mtumwa. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata baadaye, alipokwisha kuvuma mjini. Masafa yaliyopo kati ya majina hayo mawili ndiyo kipimo cha maisha yake.

Siti hakuingia shule wala hakujua kuandika. Alijifunza kufinyanga vyungu, akavitembeza kwa miguu kutoka shamba hadi mjini, akivinadi kwa sauti iliyowafanya watu wasimame kusikiliza. Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanachama wa Nadi Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905. Huyo ndiye aliyemfunza uimbaji. Kwa kuwa hakuwa na kalamu, Siti alihifadhi kila kitu kwa masikio na kumbukumbu, tenzo ambayo fasihi simulizi imeitegemea tangu jadi.

Ili kuelewa alichokifanya, yafaa kukumbuka hali ya taarabu wakati ule. Sanaa hiyo ilikuzwa katika jumba la Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 na ambaye alivutiwa mno na muziki wa Misri. Iliimbwa na wanaume, kwa Kiarabu, mbele ya wakubwa. Umma mpana wa Unguja uliweza kuusikia muziki huo kwa mbali bila kuyaelewa maneno yake. Siti aliimba Kiarabu pia alipoalikwa na matajiri, lakini nyimbo zilizompa jina zilikuwa za Kiswahili. Kwa hizo aliitoa taarabu barazani kwa mabwana akaipeleka Ng'ambo, mtaa wa wafanyakazi, mafundi na watu waliotoka utumwani.

Hakufanya kazi hiyo peke yake. Aliandamana na mafundi kama Subeti bin Ambari, Budda bin Swedi, Mwalim Shaaban na Mbaruk Effandi Talsam wa Mombasa. Walikutana nyumbani, wakajadili habari za siku, wakatunga na kurekebisha pamoja. Hapa pana swali linalomhusu kila mwanafunzi wa fasihi: mtunzi ni nani? Anayepima utunzi kwa muswada uliotiwa saini atampa Siti nafasi ndogo. Anayeujua utendaji wa fasihi simulizi atatambua kwamba sauti, uteuzi wa maneno na mwitikio wa hadhira ni sehemu ya utunzi wenyewe.

Mwezi Machi 1928, Siti na wenzake walivuka bahari hadi Bombay, nchini India, kurekodi kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi santuri za kibiashara. Santuri hizo zilichezwa katika mikahawa na majumbani kotekote mwambao na bara, na zikakisambaza Kiswahili mahali ambapo vitabu havikuwa vimefika.

Maudhui ya nyimbo zake hayakuwa mapenzi matupu. Aliimba kuhusu waume wapigao wake zao, matajiri wadhulumuo, na mahakama zilizompendelea mwenye nacho. Wimbo wa Kijiti ni mfano bora. Unasimulia kisa cha mwanamke mgeni aliyetendwa vibaya na kuuawa Unguja. Mhalifu alitorokea bara, ilhali wanawake waliokuwa pamoja na marehemu ndio walioadhibiwa. Hukumu ambayo mahakama ya kikoloni haikuitoa ilitolewa na wimbo.

Sifa zilipozidi, husuda nayo ikazidi. Walikuwapo waliomkebehi kwa sura yake na nasaba yake. Aliwajibu kwa wimbo, akaiweka akili juu ya uzuri wa uso.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amemsimulia Shaaban Robert maisha yake, na wasifu uliotokana na mazungumzo hayo ulichapishwa mwaka 1958. Hivyo mwanamke asiyejua kuandika akawa mhusika mkuu wa mojawapo ya tawasifu-simulizi na wasifu wa mwanzo kabisa katika nathari ya Kiswahili cha kisasa. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alifuata nyayo zake hadi majukwaa ya ulimwengu.

Mfano wake haukukomea visiwani. Mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana wa Kalamashaka kutoka Dandora, katika Eastlands ya Nairobi, waliichukua rapu, sanaa iliyotoka ng'ambo na iliyozoeleka kwa Kiingereza, wakaitia Kiswahili na Sheng wakieleza dhiki za mitaa yao. Huenda hawakuwa wakimfikiria Siti. Hata hivyo, njia waliyoipita alikwisha kuifyeka mfinyanzi wa Fumba: sanaa ya kuazima huwa mali ya watu siku inapoanza kusema lugha yao na shida zao.