Maytag: jina moja ku mashini, mikono mingi ndani

Wandugu wafanyakazi, na ninyi mama mnaofua nguo za kazi zenye vumbi la mgodi, leo tunawaletea maisha ya Frederick Louis Maytag. Mpaka sasa huko Marekani kuna watu wanaotafuta mashini zake za zamani mu stoo na mashambani. Wanazitengeneza, wanazipaka rangi upya. Wengine wanatoa motere na kuifunga ku kigari kidogo.

Alizaliwa mwaka 1857 mu jimbo la Illinois, wazazi wake walitoka Ujerumani. Mwaka 1893, mu muji wa Newton, jimbo la Iowa, yeye na wenzake walianzisha kampuni ya vyombo vya kupuria ngano. Ile kazi ilikuwa ya majira: mavuno yakipita, usini inalala. Ndiyo maana mwaka 1907 wakaanza kutengeneza mashini ya kufulia, pipa la mbao la kuzungushwa na mkono, ili kazi isikatike.

Sasa tumtaje mutu ambaye jina lake halikuandikwa ku mashini: Howard Snyder, fundi mekanike wa kampuni. Wakati ule mashamba mengi hayakuwa na umeme. Karibu na mwaka 1915 ikatoka motere ndogo ya esanse ya kuendesha mashini. Moshi wake ulitolewa inje na bomba refu. Motere ile ile iliweza pia kusaga nyama na kusuka maziwa ya siagi. Kisha, mwaka 1922, ikatoka mashini ya pipa la alumini, na chini yake Snyder aliweka kipande chenye mapezi. Maji ndiyo yalisukumwa kupita mu nguo, nguo hazikuburutwa tena. Watu waliinunua sana, hata Maytag akaachana na vyombo vya shamba.

Hatusemi Maytag hakufanya kitu. Alijua kuuza, na alimwachia fundi nafasi ya kujaribu. Lakini ku kila mashini iliandikwa jina moja tu, na utajiri ulifuata jina lile.

Maytag alikufa mwaka 1937. Mwaka uliofuata, mtoto wake Elmer akiongoza, kampuni ilikata mishahara 10 kwa mia. Wafanyakazi wa Newton wakaweka kazi chini, wengine wakakaa ndani ya usini. Gavana akatuma askari. Mwishoni walirudi kazini na mshahara ule uliokatwa.

Wandugu, kati yetu tuko na akina Snyder wengi: huyu amepata namna ya kurudisha pompe mu kazi, yule amepunguza hatari ya mukanda. Tuandike jina lake, kazi yake na tarehe, na karatasi moja ibakie ku sendika. Siku ya kuzungumza mishahara, tuiweke juu ya meza.