Lambert: Mwana wa mshonaji aliyefichua siri ya pai

Mwanafunzi wa Lokiriama, Turkana, anapotakiwa kukokotoa mzingo wa zizi la mviringo, mara nyingi huzidisha kipenyo kwa 22/7, sawa na wenzake kote nchini. Wengi humaliza shule wakiamini kuwa akisami hiyo ndiyo pai yenyewe. Aliyethibitisha kuwa pai haiwezi kuwa akisami yoyote ya nambari nzima mbili ni Johann Heinrich Lambert, mtu aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka 12.

Lambert alizaliwa Agosti 1728 mjini Mulhouse, ambao leo uko Ufaransa. Baba yake alikuwa mshonaji nguo, na ufukara ulimlazimu kijana huyo kukatiza masomo ili amsaidie kazi. Hata hivyo, hakuweka kalamu chini. Mchana alifanya kazi, usiku akajisomea. Mwaka wa 1748 aliajiriwa mjini Chur, Uswisi, kufunza watoto wa familia ya von Salis, na maktaba ya nyumba hiyo ikawa ndiyo chuo chake.

Swali lililomkabili lilikuwa la kale. Nambari za uwiano ni zile zinazoweza kuandikwa kama akisami ya nambari nzima mbili. Desimali zake ama hukoma, ama hujirudia kwa mpangilio ule ule. Kwa mfano, 22/7 ni 3.142857, kisha tarakimu hizo sita za baada ya nukta hurudi bila kikomo. Nambari zisizo za uwiano, kama kipeuo cha pili cha 2, hazikomi wala hazijirudii.

Je, pai iko kundi lipi? Kuhesabu tarakimu hakutoshi, kwani hata zikifika milioni moja, huenda mpangilio ukaanza baadaye. Katika miaka ya 1760, Lambert alitumia hoja. Alionyesha kuwa pembe ikipimwa kwa radiani, na kipimo chake kikawa nambari ya uwiano isiyo sufuri, tanjenti yake haiwezi kuwa ya uwiano. Lakini tanjenti ya robo ya pai ni 1, nambari ya uwiano. Basi robo ya pai, na pai yenyewe, si za uwiano.

Alijiunga na Akademia ya Sayansi ya Berlin mwaka wa 1765, akafariki mjini humo Septemba 25, 1777, akiwa na miaka 49.

Zizi lenye kipenyo cha mita 7 litapata mzingo wa mita 22 kwa kutumia 22/7, ziada ya chini ya sentimita moja. Kwa mfugaji, hilo si neno. Kwa mwanafunzi, yafaa ajue kuwa hayo ni makadirio, wala si pai.