Arthur Loveridge, mtu ambaye jina lake limebaki kwa chozi wa Uluguru

Ukipanda kutoka Morogoro mjini kupita Morningside kuelekea kilele cha Bondwa, unaweza kukutana na wageni wenye darubini shingoni, wamesimama kimya nyuma ya kijana anayewaongoza. Mara nyingi wanamtafuta chozi, ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda anayefyonza maji ya maua. Dume ana kichwa cha kijani kinachong'aa na tumbo la njano. Chozi wa aina hii hapatikani kwingine duniani ila milima ya Uluguru, na wataalamu wanamwita kwa jina la Loveridge. Leo tunasimulia maisha ya mtu huyo.

Arthur Loveridge alizaliwa tarehe 28 Mei 1891 huko Penarth, Wales. Tangu utotoni alipenda kufuga na kukusanya wanyama. Mwaka 1914 alikuja Nairobi kuwa msimamizi wa makumbusho. Vita vya kwanza vya dunia vilipozuka mwaka huohuo, alijiunga na jeshi la Waingereza lililopigana na Wajerumani. Waingereza waliingia Morogoro Agosti 1916, na Loveridge naye alifika hapa kwetu. Hata akiwa askari hakuacha kukamata mijusi na nyoka, maana hao ndio aliowapenda kuliko wanyama wote.

Baada ya vita alifanya kazi Tanganyika akiwa msaidizi wa bwana nyama, makazi yake Kilosa. Alipopata nafasi alikusanya wanyama na ndege na kuwapeleka kwa wataalamu Ulaya. Mwaka 1922 mtaalamu wa ndege Ernst Hartert alimtangaza chozi wa Uluguru kuwa aina mpya, akampa jina la Loveridge.

Mwaka 1924 Loveridge alihamia Marekani kufanya kazi katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard, lakini alirudi Afrika Mashariki mara kadhaa. Mwaka 1926 alipanda tena Uluguru, akapita Nyange, Vituri, Bagilo na Nyingwa. Hakufanya kazi hiyo peke yake. Alikuwa na msaidizi wake Salimu Asmani, na wanavijiji walimletea vyura, vinyonga na nyoka kwa malipo. Wao ndio waliojua kiumbe gani anakaa chini ya gogo gani.

Huko Bagilo ndiko alikopatikana ndege wa jamii ya mbwigu, mgongo kijani, tumbo njano, kichwa cheusi. Mwaka 1927 Mmarekani Herbert Friedmann alimtangaza kuwa aina mpya. Sehemu ya jina lake la Kilatini maana yake ni mwingine. Naye yuko Uluguru tu. Hukaa juu kabisa kwenye miti mirefu, hivyo husikika zaidi ya kuonekana. Leo yumo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani.

Mwaka 1928 Loveridge na mkuu wake Thomas Barbour walichapisha kazi inayolinganisha wanyama watambaao na vyura wa Uluguru na wa Usambara. Ilionekana wazi kwamba kila mlima una viumbe wake. Misitu hii hupata mvua kutoka Bahari ya Hindi na imetengana kwa muda mrefu sana, kama visiwa. Kiumbe anayeishi msitu mmoja tu, msitu huo ukifyekwa, hana pa kuhamia.

Loveridge alistaafu mwaka 1957, akaenda kuishi kisiwa cha Saint Helena katika Bahari ya Atlantiki. Alifariki huko mwaka 1980.

Enzi zake ndege alipigwa risasi, akachunwa ngozi na kusafirishwa kwenye sanduku. Siku hizi mgeni anataka kumwona akiwa hai mtini, na hulipa kwa ajili hiyo: kiingilio cha Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, mwongozaji, chakula na mahali pa kulala. Wageni wanaomtafuta yule mbwigu hufika hadi Tegetero. Lakini mwongozaji hana cha kuonyesha kama miti mirefu imegeuzwa mkaa au mteremko umechomwa moto. Na msitu huohuo ndio unaotunza vyanzo vya maji ya mto Morogoro na mto Ruvu, unaonywesha hadi Dar es Salaam.

Jambo moja bado linatugusa. Chozi huyu alikuwepo kabla ya Loveridge, na wazee wa Kiluguru walimwona mashambani na msituni tangu zamani. Msikilizaji wa mlimani, waulize babu na bibi wanamwitaje, kisha ututumie jina hilo. Tutalisoma hewani, na vijana wanaoongoza wageni watalitaja pamoja na lile la Loveridge.