Denis Burkitt na Uvimbe wa Taya

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 huko Enniskillen, mji ambao siku hizi uko Ireland ya Kaskazini. Alipokuwa na umri wa miaka 11, jiwe lilivunja miwani yake na kumpofusha jicho la kulia. Alianza kusomea uhandisi katika Chuo cha Trinity, Dublin, kisha akageukia udaktari na kuhitimu mwaka wa 1935. Aliomba kazi katika makoloni ya Uingereza akakataliwa kwa ajili ya jicho hilo. Hata hivyo, Vita Vikuu vya Pili vilimleta Afrika Mashariki akiwa daktari wa jeshi, na mwaka wa 1946 aliajiriwa Uganda, kwanza Lira, baadaye hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka wa 1957, Dkt. Hugh Trowell alimwita wodini amwone mtoto aliyevimba taya zote mbili, kushoto na kulia. Burkitt hakuwahi kuona jambo kama hilo. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye taya zilizovimba vivyo hivyo. Alipompapasa tumbo, alikuta uvimbe humo pia. Alirudi Mulago akapekua kumbukumbu za wagonjwa, akabaini kuwa vivimbe vilivyodhaniwa kuwa magonjwa mbalimbali vilikuwa saratani moja. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka wa 1958. Leo ugonjwa huo huitwa limfoma ya Burkitt.

Upasuaji haukufaa, na Kampala haikuwa na mashine ya kutibu kwa mionzi. Zilibaki dawa tu, kama vile methotreksati na siklofosfamidi. Ajabu ni kwamba katika watoto wengi uvimbe ulinywea kwa siku chache, na wapo waliopewa dozi moja au mbili tu wakaishi miaka mingi. Wengine walipata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi na kuwaua. Je, nani angepona? Seli za uvimbe huu hugawanyika upesi mno, hata uvimbe ukawa maradufu kwa siku moja au mbili, nazo dawa hizo hushambulia hasa seli zinazogawanyika. Ukali wa ugonjwa ndio uliokuwa udhaifu wake. Lakini mtoto aliyevimba taya pekee alikuwa na tumaini kubwa kuliko yule ambaye saratani ilikuwa imemwenea tumboni au kufika kwenye ubongo, ambako dawa nyingi hazipenyi vizuri.

Mwaka wa 1961, Burkitt na madaktari wenzake wawili walifunga safari ya wiki kumi kwa gari kuukuu, takribani kilomita 16,000, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakipita hospitali baada ya hospitali wakiuliza kuhusu uvimbe huo. Walibaini kuwa ulitokea zaidi sehemu zenye joto na mvua.

Mwaka huohuo alihutubia London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwa Anthony Epstein. Sampuli zilizotumwa kutoka Kampala zilimwezesha Epstein na wenzake kugundua kirusi cha Epstein-Barr mwaka wa 1964. Watahiniwa wengi hukosea hapa: Burkitt alibainisha ugonjwa, hakugundua kirusi.

Katikati ya miaka ya 1960 alirejea Uingereza, akajulikana tena kwa kuhimiza watu wale vyakula vyenye nyuzinyuzi. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82.