Ibn Battuta si wa mstari mmoja

Mtahiniwa wa kidato cha nne anapodurusu historia ya kale, Ibn Battuta humpata katika mstari mmoja wa daftari: msafiri Mwarabu aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Ataukariri, pengine atapata alama yake, na kabla Desemba haijesha atakuwa ameusahau. Kwa mtoto wa kwingine hilo laweza kupita. Lakini mtoto wa Mji wa Kale au wa Kuze, ambaye mtu huyu alilala kisiwani kwao na akaandika habari za visima vya misikiti yao na hata matunda yao, anapunjwa. Na huo mstari wenyewe una walakini, kwani Ibn Battuta hakuwa Mwarabu kwa nasaba. Alikuwa Mberberi wa kabila la Lawata, mtu wa Maghrib.

Alizaliwa mjini Tangier, katika Moroko ya leo, mwezi wa Rajab mwaka 703 wa Hijria, sawa na Februari 1304. Kwao walikuwa watu wa elimu na ukadhi, na yeye akasomeshwa fiqhi ya madhehebu ya Maliki. Juni 1325, akiwa na miaka 21, aliondoka kwenda Hija. Wazazi wake wote wawili walikuwa hai na kuagana nao kulimuuma. Alitoka peke yake, bila rafiki wala msafara. Alipoingia Tunis akaona kila msafiri anapokewa na jamaa zake na yeye hana hata wa kumpa salamu, alilia hadharani mpaka mtu mmoja akamhurumia, akamwendea na kumliwaza.

Msafara wa mahujaji ulipotoka Tunis, kijana huyuhuyu aliyekuwa akilia ndiye aliyefanywa kadhi wao. Hapo ndipo pa kukamata, ewe unayejiandaa kwa mtihani. Swali la kuwa Ibn Battuta alifika wapi ni jepesi. La maana ni kuwa aliwezaje kufika. Hakuwa tajiri, hakuwa na jeshi wala hakutumwa na mfalme. Alikuwa na Kiarabu, Qur'ani na fiqhi. Katika karne ya 14 vitu hivyo vilikuwa na thamani kutoka Moroko hadi Sumatra. Kila mji wa Waislamu ulikuwa na msikiti, kadhi na desturi ya kumkirimu mgeni mwenye elimu. Mwalimu akikuuliza Uislamu uliunganisha vipi ulimwengu wa kale, usimwandikie majina ya bidhaa peke yake. Mwandikie habari za kijana huyu.

Alipita Iskandaria na Cairo, akafika Damascus, na mwaka 1326 akahiji. Badala ya kurudi kwao akaelekea Iraq na Uajemi, kisha akarudi Makka akakaa kwa muda. Ndipo akashuka Yemen hadi Aden, akavuka kwenda Zeila, na kwa pepo za kaskazi akaja kwetu.

Mogadishu palimpendeza. Chombo kilipotia nanga, vijana walikuja kwa mashua na vyakula, kila mmoja akimdaka mfanyabiashara na kumfanya mgeni wake. Ibn Battuta walipojua ni faqihi, walimwambia desturi ni kupelekwa kwanza kwa sultani. Alipewa tambuu na popoo, akarashiwa marashi ya waridi, akapakuliwa wali wa samli na vitoweo, na pembeni ndimu za achari, tangawizi mbichi na maembe. Sultani alijua Kiarabu lakini alizungumza lugha ya kwao. Msomaji wa Lamu au Mombasa hana haja ya kufasiriwa sinia hiyo.

Kisha Mombasa. Alikaa usiku mmoja tu. Alichokiona ni kisiwa kisicho na mashamba upande wa bara, kinacholetewa nafaka kutoka nje. Chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Kuna mandimu, na kuna tunda mfano wa zeituni, lenye kokwa kama yake ila ni tamu sana, ambalo wengi wetu tukisoma sifa zake tunaona ni zambarau. Watu wake aliwaona wa madhehebu ya Shafi, wenye dini, wema. Misikiti ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ufundi, na penye milango yake pana visima vya kina cha dhiraa moja au mbili, maji yakichotwa kwa chombo cha mti. Anayeingia huosha miguu, na mlangoni pana kipande cha mkeka mnene cha kujifutia. Watu walitembea miguu mitupu.

Haya ni machache, lakini yana uzito. Kwa yule anayedai kuwa Uislamu hapa ni kitu cha juzi, kilichokuja na utawala wa Zanzibar, huyu ni shahidi wa takriban miaka mia saba aliyekuta misikiti, madhehebu na adabu ya kutawadha. Tena hakutuelezea kama Waarabu waliohamia. Kilwa alisema wazi kwamba wengi wa watu wake ni Zanj, weusi sana, wenye chale usoni. Waislamu na Waafrika, kwa pamoja. Mjadala wa nani ni mwenyeji na nani ni mgeni Pwani hii ungepoa kidogo kama ukurasa huu ungesomwa madarasani.

Kilwa alikuta sultani Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa, naye akaingia ndani, akavua, akampa. Mwana wa sultani akazikomboa nguo hizo kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyoisifu karama hiyo, akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Kisa hiki hupendwa sana kusimuliwa, na aghalabu msimuliaji huruka neno watumwa. Tusiliruke. Ibn Battuta anaeleza kuwa sultani huyo alikuwa akivamia nchi za Zanj na kuteka nyara, na khumsi yake akiigawa kwa utaratibu wa sharia, hata masharifu wakija kutoka Iraq na Hijaz kuchukua fungu lao. Yeye mwenyewe alinunua na kumiliki watumwa maisha yake yote ya safari, na haoni cha kushangaza. Mtahiniwa anayeandika juu ya utajiri wa Kilwa bila kutaja ulitoka kwa nani ameandika nusu ya jibu.

Kuna funzo la pili la mtihani hapa, la kupima ushahidi. Anasema nyumba za Kilwa zilikuwa za miti. Ila Husuni Kubwa, jumba la mawe ya matumbawe linalonasibishwa na sultani yuleyule, magofu yake yapo hadi leo, na msikiti mkuu vilevile ulikuwa wa mawe. Habari ya dhahabu ya Sofala hakuiona, aliisikia kwa mfanyabiashara. Na kitabu chake kilitungwa zaidi ya miaka 20 baadaye, kwa kumbukumbu, karatasi zake nyingine zikiwa zimeporwa baharini. Basi kila ukisoma shahidi wa kale, muulize alikaa siku ngapi, aliona au aliambiwa, na aliandika lini.

Upepo wa kusi ulimrudisha Arabuni. Baada ya hapo alipita Uturuki, nchi za Wamongoli na Constantinople, akaingia India. Sultani wa Delhi, Muhammad bin Tughluq, alimfanya kadhi kwa mshahara wa dinari 12,000 kwa mwaka, ingawa alikuwa Maliki katika nchi ya Kihanafi na Kiajemi chake kilikuwa hafifu. Alitumia kuliko alichopata akazama katika madeni. Sultani huyo alitoa mali kwa mkono mmoja na kuua kwa wa pili. Ibn Battuta alipomzuru sheikh aliyekosana na mfalme, aliwekewa walinzi, naye akafunga na kusoma dhikri akingoja kuuawa. Alinusurika. Baadaye akatumwa balozi Uchina.

Ubalozi huo ulikwisha kabla haujaanza. Huko Calicut, akiwa amebaki pwani kwa ajili ya sala ya Ijumaa, dhoruba iliivunja jahazi kubwa iliyobeba zawadi za mfalme, na chombo cha pili kilichobeba watu wake na mali yake kikatweka na kumwacha. Alibakiwa na dinari kumi na zulia la kulalia. Akaogopa kurudi Delhi, akaenda Maldives akawa kadhi tena, akaoa huko wake kadhaa, akajaribu kuwalazimisha wanawake wa visiwa wajifunike na wakamshinda. Kutoka hapo Sri Lanka, Bengal, Sumatra, na kwa maelezo yake, Uchina.

Aliporudi, dunia ilikuwa inakufa. Mwaka 1348 alifika Damascus akaambiwa kuwa mwanawe, aliyemwacha tumboni mwa mama yake, alifariki miaka mingi nyuma, na kuwa baba yake naye alifariki miaka 15 iliyopita. Tauni ilikuwa ikifagia Sham na Misri. Akaendelea na safari hadi Moroko, na njiani akapata habari kuwa mama yake pia amechukuliwa na tauni, miezi michache tu kabla hajafika. Kwa safari yote ile, hakumkuta hata mmoja wa wale wawili aliowaaga. Aliufikia Tangier akazuru kaburi.

Hakutulia. Alikwenda Granada, kisha mwaka 1352 akavuka Sahara hadi Mali, ambako alinung'unika kuwa zawadi ya Mansa Sulayman ilikuwa mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe na maziwa ya mgando, lakini akausifu usalama wa njia zao na bidii yao katika kuhifadhisha watoto Qur'ani.

Mjini Fez sultani Abu Inan aliamuru asimulie, na mwandishi Ibn Juzayy akaandika. Kitabu kilimalizika Desemba 1355, na baadhi ya maelezo ya Makka na Damascus Ibn Juzayy aliyachota kwa msafiri wa kabla yake, Ibn Jubayr. Ibn Battuta alimalizia umri wake akiwa kadhi wa mji mmoja huko Moroko, akafariki mwaka 1368 au 1369. Ulaya haikukijua kitabu kizima hadi Wafaransa walipoiteka Algeria na kupata nakala zake. Walikichapa Paris kati ya 1853 na 1858, Kiarabu pamoja na Kifaransa, na habari za Mombasa zimo katika juzuu ya pili.