Joseph Paxton, Mtunza Bustani

Joseph Paxton alizaliwa mwaka 1803 katika kijiji cha Milton Bryan, nchi ya Uingereza. Baba yake alikuwa mkulima, naye Joseph alikuwa mwana wa saba. Tangu ujana wake alijifunza kazi ya bustani, na mwaka 1823 akapata kazi katika bustani ya Chiswick, karibu na London. Bustani ile ilipakana na nyumba ya Duke wa Devonshire, tajiri mkubwa. Duke alizoea kupita pale, akazungumza na kijana huyu, akaona kwamba ni mwerevu. Mwaka 1826 akamfanya mkuu wa bustani zake za Chatsworth, kisha yeye mwenyewe akasafiri kwenda Urusi.

Bustani za Chatsworth zilikuwa kubwa mno, lakini hazikutunzwa vema. Paxton alisafiri usiku kwa gari la farasi, akafika saa kumi na nusu alfajiri. Watu walikuwa wamelala, na milango imefungwa. Kama angaliketi kungoja, hapana ambaye angalimlaumu. Lakini yeye alipanda ukuta, akaingia, akazunguka kila mahali, akitazama lipi limeharibika na lipi lifanywe kwanza. Ilipopata saa kumi na mbili wafanya kazi walifika, naye akawagawia kazi zao pale pale. Kisha akaenda kula chakula cha asubuhi kwa mama msimamizi wa nyumba. Huko alimwona Sarah Bown, mpwa wa mama yule, akampenda. Na saa tatu haijafika bado. Mwaka uliofuata wakaoana. Sarah alikuwa hodari wa hesabu, na mumewe alipokuwa safarini, yeye ndiye aliyeangalia mambo yote.

Mwaka 1849 Paxton aliletewa mche mdogo wa yungiyungi kubwa la Amerika ya Kusini, ambalo halijapata kutoa ua katika Uingereza. Alilijengea kidimbwi cha maji ya moto kiasi, akaweka gurudumu dogo la kuyatikisa maji kama ya mtoni. Baada ya miezi mitatu hivi likachanua. Majani yake yalikuwa mapana, yenye nguvu hata kumchukua mtoto, kwa sababu ya mishipa iliyo chini yake. Paxton aliitazama mishipa ile, asiisahau.

Mwaka 1850 Waingereza walitaka jumba la maonyesho makubwa mjini London. Ramani 245 zililetwa, zote zikakataliwa, na siku za kujenga zilikuwa zikipungua. Paxton, akiwa katika mkutano wa mambo ya reli mjini Derby, alichora jumba la chuma na vioo juu ya karatasi ya kukaushia wino. Kwa muda wa siku tisa hivi ramani zote zilikuwa tayari. Jumba lile, lenye urefu wa futi 1,848, likafunguliwa tarehe 1 Mei 1851. Mwaka ule ule Malkia Victoria akampa heshima ya kuitwa Sir.

Paxton alikufa mwaka 1865. Jumba lake, lililokuwa limehamishiwa Sydenham, liliteketea kwa moto mwaka 1936. Lakini bustani za Chatsworth zingali zikitunzwa. Mimea haimngoji mtu, wala nafasi njema haimngoji. Paxton alipata saa zile zile wapatazo watu wote, ila yeye hakungoja kufunguliwa mlango ndipo aanze kazi.